Mganga Hajigangi: Uhakiki wa Zana za Kuangalia Mifumo ya Unix na Tatizo la Uvujaji wa Kumbukumbu

Ikisiri

Zana za kuangalia mifumo ya kompyuta hutegemewa kutoa tahadhari kabla huduma hazijasimama. Makala haya yanahakiki zana hizo, hasa zile za familia ya Unix, kwa kuzingatia hali ambayo hupuuzwa mara nyingi: zana yenyewe inapovuja kumbukumbu au inapoanguka. Uhakiki umejengwa juu ya mambo matatu, yaani istilahi inayotumika kulieleza tatizo, takwimu ambazo zana huonyesha, na ripoti ya hadharani kuhusu tukio la tarehe 22 Oktoba 2012 katika huduma za Amazon nchini Marekani, ambamo wakala mdogo wa kukusanya taarifa alichangia kusimamisha huduma kubwa. Makala yanadai kwamba udhaifu mkuu haumo katika kiwango cha kengele ya tahadhari bali katika kipimo kinachochaguliwa. Hupimwa jumla ya mashine, ilhali mchakato mmojammoja, hususan ule wa mwangalizi, huachwa bila kupimwa. Mwisho, yanapendekezwa masharti manne yanayoweza kuingizwa katika miongozo ya ununuzi na uendeshaji wa mifumo ya umma.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1984 William LeFebvre aliandika programu ya top, ambayo huorodhesha michakato inayoendeshwa na kompyuta kwa kufuata kiasi cha rasilimali inazotumia. Programu hiyo, pamoja na ps, vmstat na free, imekuwa darubini ya kwanza ya msimamizi yeyote wa mfumo wa Unix. Zana hizi zina sifa moja inayozilinda: mtu huzifungua, husoma anachotaka, kisha huzifunga. Kosa dogo lililomo ndani yake hufutika pale zinapofungwa.

Hali ni tofauti kwa mawakala wa uangalizi, yaani programu zinazokaa ndani ya seva usiku na mchana, zikikusanya takwimu na kuzipeleka katika kituo kimoja. Mifumo kama Nagios, Zabbix na Prometheus hutegemea vipande vya aina hiyo. Wakala anaweza kuishi miezi kadhaa bila kuzimwa. Tuseme anasahau kurudisha kilobaiti 1 ya kumbukumbu kila anapochukua kipimo, na huchukua kipimo kila sekunde 10. Jaribio la saa moja litaonyesha ongezeko la kilobaiti 360, kiasi ambacho hakuna atakayekitilia shaka. Kwa siku moja atakuwa amechukua vipimo 8,640, sawa na takriban megabaiti 8.6, kwa mwaka mmoja, zaidi ya gigabaiti 3. Kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni muda wa kulitazama.

Suala hili si la mafundi peke yao. Malipo ya serikali kupitia GePG nchini Tanzania, huduma za eCitizen nchini Kenya na zile za Irembo nchini Rwanda zinaonyesha jinsi haki na wajibu wa mwananchi wa ukanda huu unavyopitia katika seva. Anayeandika sera ya mifumo hiyo hulazimika kuamini taarifa za uangalizi. Kwa hiyo ni muhimu kuhakiki namna taarifa hizo zinavyoundwa na mahali zinaponyamaza.

2.0 Sitiari ya uvujaji na mipaka yake

Istilahi ya uvujaji wa kumbukumbu imefuata sitiari ya Kiingereza bila kuihoji. Kinachovuja hutoka chomboni: maji hutoka mtungini, mvua hupenya paa. Methali ya Kiswahili husema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika kompyuta mambo huenda kinyume. Hakuna kinachotoka. Kadiri programu inavyovuja ndivyo mzigo wa mchukuzi unavyozidi kuwa mzito, kwa kuwa kumbukumbu inabaki ndani ya mashine ikiwa imeshikiliwa na asiyeihitaji.

Sitiari ya mkopo ingekaribia ukweli zaidi. Katika lugha ya C, programu hukopa kumbukumbu kwa kuita malloc na huirudisha kwa kuita free. Tatizo huzuka mikopo inapochukuliwa bila kurejeshwa. Ubora wa sitiari hii ni kwamba inalazimisha maswali ambayo sitiari ya kuvuja haiulizi: nani alikopa, lini, kwa kazi gani, na kwa nini hakurudisha?

Maswali hayo hutenganisha hali tatu ambazo zana za uangalizi huzionyesha kama mstari mmoja unaopanda. Ya kwanza ni mkopo uliosahaulika kabisa: programu imepoteza anwani ya kipande ilichokopa, hivyo haiwezi tena kukirudisha. Ya pili ni mkopo unaokumbukwa lakini haudaiwi, kwa mfano orodha ya miunganisho iliyoshindikana ambayo huongezewa jina kila dakika na haifutwi kamwe. Ya tatu ni mkopo uliorudishwa kwa mtunza ghala bila kufika kwa mwenye mali. Katika Linux, maktaba ya glibc hugawa kumbukumbu ya programu katika maghala kadhaa, na nyuzi mbalimbali za programu moja zinaweza kutumia maghala tofauti. Vipande vilivyorudishwa vikibaki vimetawanyika kati ya vingine vinavyotumika, keneli haivioni kuwa ni vitupu.

Kila hali ina tiba yake. Valgrind, zana iliyoasisiwa na Julian Seward na kutolewa kwa umma mwaka 2002, hugundua hali ya kwanza kwa uhodari mkubwa. Hali ya pili huorodheshwa nayo kama kumbukumbu ambayo bado inafikika, na wasomaji wengi wa taarifa zake huuruka mstari huo kwa kudhani hauna madhara. Hali ya tatu si kosa la msimbo wa wakala hata kidogo, na hutibiwa kwa kupunguza idadi ya maghala au kwa kubadili maktaba. Tena, nyaraka za Valgrind zenyewe zinaonya kwamba programu inayochunguzwa huweza kwenda polepole mara 20 hadi 30 kuliko kawaida, jambo linaloifanya isifae kwa seva inayohudumia watu. Taarifa safi ya Valgrind, kwa hiyo, haithibitishi kwamba wakala ni salama. Inathibitisha tu kwamba hali ya kwanza haikuonekana katika njia zilizojaribiwa.

3.0 Takwimu kama tafsiri

Zana za Unix huonyesha namba, na namba huchukuliwa kuwa ukweli mtupu. Safu mbili zinazosomwa zaidi katika ps ni ukubwa wa anwani zote ambazo mchakato umetengewa na ukubwa wa sehemu iliyomo kwenye kumbukumbu halisi. Safu ya kwanza hutia hofu isiyo na sababu, kwani mchakato unaweza kutengewa gigabaiti nyingi ambazo haujazigusa. Safu ya pili hurudia hesabu: maktaba moja inayotumiwa na michakato kumi huhesabiwa mara kumi. Ndiyo maana keneli ya Linux iliongeza kipimo cha mgao, ambacho hugawanya kila kurasa ya pamoja kwa idadi ya wanaoitumia. Anayejumlisha safu ya pili ya michakato yote anaweza kupata jumla inayozidi kumbukumbu ya mashine nzima, na asijue kwamba ameongopewa na kanuni ya kuhesabu.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno huru. Keneli ya Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi nakala za faili zilizosomwa, ili zisomwe haraka safari nyingine. Nakala hizo hutupwa mara moja programu inapohitaji nafasi. Mashine yenye afya, basi, huonekana kana kwamba haina kumbukumbu huru. Kwa miaka mingi programu ya free iliacha kazi ya kutafsiri kwa msomaji. Mwaka 2014 tu ndipo keneli toleo la 3.14 ilipoongeza mstari wa MemAvailable, unaokadiria kiasi ambacho programu mpya inaweza kupata bila mashine kuanza kutumia diski kama kumbukumbu. Makadirio hayo ni tafsiri iliyotoka kwa watengenezaji wa keneli wenyewe, nayo inaonyesha kwamba takwimu ya awali haikuwa ikijibu swali ambalo wasimamizi walikuwa wakiliuliza.

Athari yake katika uangalizi ni ya moja kwa moja. Kengele iliyofungwa kwenye kumbukumbu huru hulia kila siku, na wahudumu hujifunza kutoijali. Ikilegezwa ili ipunguze kelele, hunyamaza hata siku ya hatari. Katika hali zote mbili hitilafu haimo kwenye namba ya ukomo. Imo katika kuchagua kipimo ambacho hakibebi habari inayotafutwa.

4.0 Ripoti ya Oktoba 2012: usomaji wa kihakiki

Tukio la tarehe 22 Oktoba 2012 katika eneo la mashariki mwa Marekani linafaa kuchambuliwa kwa kuwa kampuni ya Amazon ilichapisha maelezo yake hadharani, na kwa kuwa muundo wa hitilafu hauhusiani na chapa ya mfumo. Ungeweza kutokea popote penye seva, wakala na kituo cha kukusanyia taarifa. Mfuatano wake ni kama ufuatao. Seva moja ya kukusanya taarifa iliharibika na ikabadilishwa. Anwani mpya iliwekwa katika huduma ya majina ya mtandao, lakini mabadiliko hayo hayakufika katika seva zote za majina. Baadhi ya seva za kuhifadhi data zikaendelea kuitafuta seva iliyokwisha kufa. Wakala wa kuripoti ndani ya seva hizo alirudia kujaribu kuunganishwa, na kila jaribio likamega kumbukumbu kidogo. Baada ya muda seva hazikuweza tena kushughulikia maombi ya kawaida, na diski za wateja zikakwama. Tovuti mashuhuri, Reddit ikiwamo, ziliathirika.

Ripoti hiyo inastahili sifa. Haikuficha kiungo kilichoaibisha, na iliitaja kasoro ya uangalizi kuwa sehemu ya chanzo. Hata hivyo, usomaji wa makini unaonyesha mambo matatu ambayo maandishi yake yanayapitia kwa haraka.

La kwanza ni kosa kuelezwa kuwa lilikuwa limejificha hadi lilipoamshwa. Maelezo ya namna hii humfanya msomaji alione kosa kama mdudu aliyelala mwenyewe. Kwa hakika njia ya msimbo inayopitiwa seva ya mbali isipojibu ni sehemu ya kawaida ya programu yoyote ya mtandao. Lililojificha lilikuwa pengo la majaribio: njia ya kushindwa haikuendeshwa kwa muda wa kutosha kabla ya wakala kupelekwa kazini.

La pili ni maelezo kuhusu kengele. Ripoti inaeleza kwamba seva hizo hutumia kumbukumbu yake yote kwa namna inayobadilikabadilika, na hivyo ilikuwa vigumu kuweka ukomo sahihi. Maelezo hayo ni ya kweli kwa jumla ya mashine. Lakini miongoni mwa hatua zilizotangazwa katika ripoti hiyo hiyo ni kupima kumbukumbu ya kila mchakato na kuiwekea tahadhari. Tiba inakanusha utambuzi. Kama ugumu ungekuwa wa ukomo, ukomo mpya ungetangazwa. Kilichobadilishwa ni kinachopimwa. Matumizi ya wakala mdogo hayana sababu ya kupanda na kushuka kama ya huduma kuu. Mstari wake ukipanda siku tatu mfululizo, fundi yeyote angeuona, mradi tu uchorwe peke yake.

La tatu ni ukimya. Mfumo wa kukusanya taarifa ulikuwa umebuniwa kuvumilia upungufu wa taarifa, sifa ambayo kwa kawaida husifiwa. Kwa uvumilivu huo huo, seva zilizokoma kuripoti hazikusababisha kengele yoyote. Aidha, hatua ya kuwekea mipaka michakato ya daraja la chini inadokeza jinsi wakala alivyokuwa akitazamwa: kama kitu kisicho na uzito. Daraja la chini katika mpangilio wa kazi lilimfanya awe wa mwisho kuchunguzwa, ilhali alikuwa akila chungu kimoja na huduma kuu.

5.0 Vifo vitatu, jina moja

Wakala anapotoweka, taarifa zinazofika mezani kwa wasimamizi mara nyingi husema kwamba programu imeanguka. Neno hilo hufunika vifo vitatu tofauti. Programu iliyogusa anwani isiyo yake huuawa kwa ishara namba 11, na namba ya kufungia inayoonekana kwenye sheli ni 139. Programu iliyojiua baada ya kugundua kwamba daftari lake la kumbukumbu limeharibika hupata ishara namba 6, na namba yake ni 134. Programu iliyouawa na keneli kwa sababu kumbukumbu imekwisha hupata ishara namba 9, na namba yake ni 137.

Tofauti hiyo huamua ushahidi utakaopatikana. Katika vifo viwili vya kwanza mfumo unaweza kuacha nakala ya kumbukumbu ya mchakato, iwapo uliruhusiwa kufanya hivyo tangu awali, na nakala hiyo huonyesha mstari wa msimbo uliokuwa ukitekelezwa. Ishara namba 9 haiachi nakala yoyote. Ushahidi pekee hubaki katika shajara ya keneli, na shajara hiyo ikifutwa au mashine ikiwashwa upya bila kuhifadhiwa, kesi hukosa shahidi.

Kuna jambo zito zaidi. Kumbukumbu inapokwisha, keneli ya Linux huchagua wa kuuawa hasa kwa kutazama nani ameshika kingi zaidi. Haichunguzi nani aliyesababisha upungufu. Wakala aliyekua kutoka megabaiti 40 hadi gigabaiti 3 anaweza kuwa ndiye aliyeijaza mashine, lakini hifadhidata yenye gigabaiti 20 ndiyo itakayouawa. Taarifa ya siku hiyo itasema hifadhidata ilianguka. Kikao kitaitishwa kujadili hifadhidata, mzabuni wake ataandikiwa barua, na wakala ataendelea kupeleka takwimu zinazothibitisha kwamba hifadhidata ilikuwa ikitumia kumbukumbu nyingi.

6.0 Dawa ya kuwasha upya

Desturi ya kuwasha upya isidharauliwe. Mwaka 1995 watafiti wa maabara za AT&T Bell, Huang na wenzake, waliwasilisha hoja kwamba programu huchakaa kadiri inavyoendelea kufanya kazi, na kwamba ni nafuu kuihuisha kwa ratiba kuliko kuisubiri ianguke. Seva ya wavuti ya Apache imekuwa na kigezo kinachoweka kikomo cha kazi ambazo mchakato mmoja hufanya kabla ya kubadilishwa, na nyaraka zake zinakiri wazi kwamba faida yake ni kuzuia hasara ya uvujaji. Hapa kuwasha upya ni uamuzi wa kihandisi unaotokana na kipimo. Wakala mwenye megabaiti 40, anayekua kwa megabaiti 8.6 kwa siku na aliyewekewa ukomo wa megabaiti 400, atafika ukomoni baada ya takriban siku 42. Kumhuisha kila baada ya siku 30 ni ratiba inayoeleweka.

Kuwasha upya bila kipimo ni jambo jingine. Mfano wa kutisha hautokani na kumbukumbu bali na kosa jingine la kujilimbikiza. Tarehe 25 Februari 1991, mfumo wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudia, ulishindwa kulifuatilia kombora lililoua wanajeshi 28 wa Marekani. Taarifa ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba mfumo ulikuwa umefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 100, na kosa dogo la kuhesabu wakati likawa limekua. Siku chache kabla, watumiaji walionywa kwamba kuuendesha mfumo kwa muda mrefu sana kungeweza kuleta hitilafu, lakini hawakuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa iliwasili siku moja baada ya shambulio. Ushauri usio na kipimo haukuweza kutekelezwa.

Katika uangalizi wa kawaida, huduma kama systemd huweza kumwinua wakala kila anapoanguka bila mtu kujua. Huduma hurejea, na pamoja nayo hurejea ukurasa mweupe wa takwimu. Ikiwa idadi ya mara alizoinuliwa haihesabiwi na ushahidi hauhifadhiwi kwanza, tiba inakuwa njia ya kufuta ugonjwa kwenye daftari huku ukibaki mwilini.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi, takwimu na ripoti za hitilafu huelekeza macho kwenye mashine nzima na kumwacha mwangalizi gizani. Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika mifumo ya umma, kutojiganga huko hulipwa na mwananchi aliyesimama foleni. Kwa watunga sera na wanunuzi wa mifumo, masharti manne yanapendekezwa.

Kwanza, kila wakala wa uangalizi apimwe kama mchakato unaojitegemea, na mstari wa kumbukumbu yake uhifadhiwe kwa miezi, si kwa saa. Anayempima awe nje ya mashine anayoiangalia, na kukoma kwa taarifa kuchukuliwe kuwa ni tahadhari kamili.

Pili, wakala awekewe ukomo wa kumbukumbu kupitia vikundi vya udhibiti vya keneli, na alama yake ya kuuawa ipandishwe ili awe wa kwanza kuondoka badala ya huduma anayoitazama. Msimamizi anayemkinga wakala dhidi ya kuuawa, kwa hofu ya kupoteza takwimu, anaweka rehani huduma yenyewe.

Tatu, majaribio ya kupokea mfumo yajumuishe njia za kushindwa. Wakala aendeshwe kwa siku kadhaa huku kituo chake kikiwa kimezimwa, na tena huku jina lake la mtandao likielekeza mahali pasipo na kitu. Zana kama Valgrind zitumike katika hatua hii, na mstari wa kumbukumbu inayofikika usomwe kwa uzito sawa na ule wa iliyopotea.

Nne, mkataba utaje haki ya kupata ushahidi: nakala ya kumbukumbu ya mchakato uliokufa, shajara ya keneli, na taarifa za msimbo zinazowezesha nakala hiyo kusomwa. Utaratibu wa kazi utamke kwamba ushahidi huhifadhiwa kabla ya kuwasha upya, na kwamba kila kuwashwa upya huhesabiwa.

Masharti haya hayahitaji teknolojia mpya, kwani karibu yote yanatumia uwezo uliomo tayari katika mifumo ya Unix inayoendeshwa leo. Yanahitaji kwamba ripoti inayosema hifadhidata imeanguka isifungwe kabla ya kujibu maswali mawili: ni mchakato gani uliokuwa ukikua kabla ya saa ile, na ni nani aliyekuwa akiupima?